Barua Ina Jina Moja



Shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi Januari, simama kidogo pale stendi ya Makambako uangalie mizigo ya watu wanaokwenda Njombe. Utaona godoro lililoviringishwa na kufungwa kamba, mtungi mdogo wa gesi, ndoo mbili zilizojaa vyombo, beseni, na pembeni yake kijana ameshika bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mna barua ya kupangiwa kituo cha kazi. Mara nyingi kijana huyo hayuko peke yake. Yupo mwenzake, na mgongoni kwa mmoja wao yupo mtoto anayelia, maana baridi ya huku hajawahi kukutana nayo.

Barua ile ina jina moja. Aliyeajiriwa ni mwalimu, au muuguzi, au bwana shamba. Wanaohamia ni watatu. Leo nataka tuzungumze habari za wale wawili ambao barua haikuwataja, kwa sababu kwa maoni yangu wao ndio huamua kama familia itatulia kijijini, au kama baada ya miezi michache mwajiriwa ataanza kuzunguka ofisi za halmashauri akitafuta uhamisho.

Hebu fikirini. Mwalimu akifika leo, kesho anatambulishwa mstarini, wanafunzi wanamwamkia, anapewa vipindi na zamu. Hata kama mahali pamemchukiza, kazi inamshika mkono. Jioni ana walimu wenzake wa kuzungumza nao. Aliyebaki nyumbani ana kutwa nzima mbele yake, mtoto wa kunyonya, mlango usiofunga vizuri, na majirani ambao bado hajui wanaitwa nani. Kijiji anakiona kwa macho yasiyo na cheo. Jioni mwalimu anapouliza, “Umeshindaje?” jibu lile ndilo linaloandika barua ya kuomba uhamisho, hata kama sahihi ni ya mwalimu.

Sasa nyumba yenyewe. Pengine ni nyumba ya mtumishi iliyo jirani na shule, na hapo familia imebahatika. Pengine ni ya kupanga: mwenye nyumba anafanya biashara ya mbao mjini, nyumba yake ya kijijini ameiacha, na anafurahi kupata mtu wa kuikalia. Ni tofali za kuchoma, bati juu, sakafu ya saruji iliyopasuka hapa na pale, madirisha ya mbao yasiyo na wavu. Jiko liko nje, kuta zake nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Choo kiko nyuma. Kwa nyumba kama hii mimi nashauri jambo moja tu kabla ya kutoa kodi: mwenzako aingie kwanza, wewe ufuate. Aingie chooni, aingie jikoni, aulize maji yanatoka wapi. Mwajiriwa akiingia peke yake hutazama kama chumba kinatosha kitanda na meza ya kusahihishia madaftari, akaridhika.

Na mkikubaliana na mwenye nyumba, andikeni. Kijijini watu huona aibu kuandikiana, wanasema sisi ni ndugu. Andikeni hata kwenye karatasi ya daftari, mwenyekiti wa kitongoji aweke sahihi kama shahidi. Semeni wazi kwamba mkinunua kitasa au mkirekebisha mlango wa choo, gharama itakatwa kwenye kodi. Nimesikia ugomvi mwingi wa wapangaji na wenye nyumba, na mwingi ulianzia kwenye kitasa.

Tuje kwenye maji. Vijiji vingi vya Njombe vimejaliwa chemchemi za milimani, na maji yake hushuka kwa mtiririko wenyewe, bila pampu, hadi kwenye vilula. Tangu mwaka 2019, RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ndiyo yenye dhamana ya maji ya vijijini, na pale kijijini kuna chombo cha watumia maji kinachokusanya fedha na kulinda koki. Mgeni anapaswa kujua saa za kufunguliwa, nani anashika ufunguo, na mwezi gani maji hupungua. Huku, mwisho wa kiangazi, Oktoba na Novemba, ndipo ndoo hupangwa foleni ndefu. Lakini kilula ni zaidi ya maji. Pale ndipo mama mgeni anaposikia nani anauza maziwa, nani ni mkunga wa kuaminika, mbwa wa nani anauma. Namwonea huruma mwalimu anayemlipa kijana amletee maji nyumbani tangu siku ya kwanza akidhani anampumzisha mkewe. Anamfungia ndani.

Umeme nitaupitia haraka. Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Kijiji kufikiwa ni jambo moja na nyumba yako kuwaka ni jambo jingine, kwani nguzo inaweza kupita barabarani huku wewe unasoma kwa tochi ya simu. Kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000, lakini kufunga nyaya ndani ya nyumba ni gharama ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba aliyeko mjini hana haraka. Kwa nyumba ndogo isiyo na nyaya kuna kifaa kinachoitwa UMETA, Umeme Tayari, ambacho kina swichi na soketi zake. Uliza ofisi ya TANESCO ya wilaya kabla ya kuanza kumbembeleza mwenye nyumba.

Hapa kwenye baridi ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu baridi inaua. Kijana aliyezaliwa Kibaha au Lindi akiambiwa Njombe kuna baridi hucheka. Januari anaweza kucheka. Ikifika Juni na Julai, sakitu inalala kwenye majani ya viazi asubuhi, na maji ya ndoo yanakata vidole. Hapo ndipo familia changa inapobuni dawa yake: jiko la mkaa linawashwa jikoni, likishika linaletwa chumbani, mlango na madirisha vinafungwa, kitambaa kinasukumwa chini ya mlango kuzuia upepo, watu wanalala.

Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu. Haina rangi, haina harufu, wala haikohoshi kama moshi wa kuni. Anayeivuta huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, halafu usingizi mzito. Aliyekwisha kulala haamki kuumwa kichwa, anapitiliza. Na msidanganywe na majivu. Mkaa uliofunikwa majivu, unaoonekana kama umezimika, bado unatoa hewa ile ile. Wenyeji wengi wanalijua hili, ndiyo maana wao huota moto jikoni, kwenye jiko la nje lenye nafasi ya hewa kupita, kisha huingia kulala chini ya mablanketi mazito. Mgeni huiga nusu ya kwanza akaiacha ya pili. Wasikilizaji, kama mna mgeni jirani yenu ametoka pwani, msingoje aulize. Mwendeeni Mei, kabla baridi haijakaza, mkamwambie jiko linatolewa nje kabla ya kulala. Na wewe mgeni, fedha ya kwanza utakayoipata nunua mablanketi na soksi za mtoto. Televisheni itasubiri.

Nilisema wale wawili wasiotajwa kwenye barua. Mara nyingi tukisema hivyo tunamwona mama na mtoto. Lakini wauguzi wengi ni wanawake, na walimu wanawake ni wengi, na wengine wana waume wanaowafuata vituoni. Huyu mume ana mtihani wake. Mke wa mwalimu akikaa nyumbani hakuna anayeuliza. Mume wa nesi akikaa nyumbani, kijiji kizima kinauliza. Anaonekana anafua nguo za mtoto, wazee wanatikisa kichwa. Jina lake hakuna anayelijua. Yeye ni “mume wa nesi” tu.

Nalijua jina hilo kwa sababu baba yangu aliitwa hivyo. Mama alikuwa muuguzi, akipelekwa zahanati hii na ile, nasi nyuma yake na sanduku la bati. Baba alikuwa fundi redio. Kila tulikohamia, kitu cha kwanza alichokitoa kwenye mizigo kilikuwa chuma chake cha kulehemu, akaweka meza barazani hata kama hakuna kazi. Watu walikuja kutazama, wakaleta redio zilizokufa, na kabla ya mwezi kuisha wakawa wanamwita Fundi. Mama alisema miaka mingi baadaye kwamba meza ile ndiyo iliyomwezesha kufanya kazi yake, na mimi namwamini, kwa sababu nilikuwa namwona baba katika zile wiki kabla meza haijapata mteja. Hakuwa mtu wa kukaa naye.

Kwa Njombe kuna hatari nyingine ya ziada kwa mwanamume asiye na shughuli. Ulanzi, pombe ya mianzi, hugemwa wakati wa mvua. Maana yake ni kwamba mume wa nesi aliyewasili Januari amewasili wakati mianzi inatiririka, kinywaji ni rahisi, na kilabuni ndipo mahali pekee anapokaribishwa bila kuulizwa anafanya kazi gani. Simlaumu anayekwenda. Nawalaumu wanaomwacha asiwe na mahali pengine pa kwenda.

Na mahali pengine papo. Papo shambani. Wahenga walishasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nami naona vijiji vyetu vimekuwa vipole kupita kiasi katika hili: watumishi wanaachwa wageni miaka mitano. Familia iliyofika Januari imeshachelewa mahindi, kwa kuwa huku hupandwa mvua zinapoanza, Novemba na Desemba. Haijachelewa maharage, ambayo hupandwa tena Februari na Machi, wala viazi mviringo, wala mboga za uani: chainizi, figiri, maboga ya kula majani. Tafuta mwenyeji akuazime kipande. Wengi watakubali, hasa wazee ambao watoto wao wamekwenda mjini.

Ila kuazima shamba kuna adabu yake, na wageni wengi huivunja bila kujua. Kwenye shamba la kuazimwa unapanda vya msimu. Hupandi mti. Mti kijijini ni tamko. Anayepanda mti anasema hapa ni pangu, na Njombe ndiyo kabisa, maana huku mti ni fedha: misitu ya mbao, na siku hizi parachichi aina ya Hass. Mche wa parachichi uliobebeshwa huchukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa, kwa hiyo ukionekana unaupanda kwenye shamba la mzee fulani, mzee hatakuuliza kuhusu parachichi. Atakuuliza unakusudia nini, au hatakuuliza na badala yake atakwenda kwa mwenyekiti. Ukitaka ardhi ya kudumu, njia iko wazi: ni halmashauri ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Usipitie mlango wa shamba la kuazima.

  

Baada ya jembe, kuna vikundi. Karibu kila kijiji kina vikundi vya kuweka na kukopa, ambapo watu hununua hisa kila wiki na mwisho wa mzunguko, kwa kawaida mwaka mmoja, wanagawana. Mwenza wa mtumishi akiomba kuingia, swali la kwanza ni hili: utakuwepo mpaka tugawane? Swali ni la haki. Wameshawahi kukopesha watu wa kupita, wakaamka asubuhi nyumba ni tupu. Jibu zuri ni kuingia mwanzoni mwa mzunguko, kununua hisa chache, kutokopa mapema, na kuwa na mdhamini ambaye ni mwenyeji. Kikundi kile kitamwita mwenza huyu kwa jina la mtoto wake. Hapo ameshapata anwani.

Na msiba. Samahani kwa kuutaja, lakini hakuna mahali kijiji kinapomjua mtu upesi kama msibani. Mtumishi huenda, kwa sababu mkuu wa kituo atakwenda naye. Mwenzake hubaki kwa kudhani hakualikwa. Msibani hualikwi, mama. Beba kuni, au bakuli la maharage, au unga kidogo, nenda kaungane na waliopo jikoni, uulize kisu kiko wapi. Salamu ya huku ni “Kamwene.” Wataitika na watacheka matamshi yako. Wacha wacheke.

Mtoto nimemchelewesha makusudi, kwa kuwa katika kuhama ndiye anayesahaulika kirahisi zaidi. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na mara ya pili akiwa na miezi 18. Wazazi wakiwa katikati ya kufungasha, tarehe inapita, na wanajiambia watarudi kliniki ya zamani. Hawarudi. Kadi ya kliniki inafanya kazi popote. Iwekeni kwenye mkoba wa mkononi mnapopanda basi, isipotelee ndani ya ndoo ya vyombo, na wiki ya kwanza mpelekeni mtoto zahanati ya kijiji. Kuhusu chakula, Njombe kinalimwa hadi kinapelekwa mikoa mingine, na bado utafiti wa afya wa mwaka 2022 uliukuta mkoa huu miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa udumavu, takribani nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Tatizo si ghala. Mama yuko shambani tangu alfajiri, na mtoto anashinda na uji mtupu. Mgeni asije akaiga hilo pamoja na mengine mazuri ya hapa. Mayai yapo, maharage yapo, maziwa ulishaambiwa kilulani nani anauza.

Vijana wenyewe watasema, haya yote yanataka fedha, na mshahara wa kwanza hauji mpaka cheki namba itoke. Ni kweli. Taratibu za utumishi zinamtambua mwenza na watoto katika nauli na posho ya kujikimu, lakini posho nayo huchelewa, na katikati hapo familia inaishi kwa daftari la mkopo la dukani. Sina maneno mazuri ya kufunika hili. Halmashauri inayompokea mtumishi mwezi wa kwanza ikamlipa posho mwezi wa nne inamfundisha mkewe, au mumewe, kwamba hapa hawakusubiriwa. Mwenye duka anayewakopesha unga, mafuta na sabuni katika miezi hiyo anafanya kazi ya serikali bila mshahara.

Kwa hiyo namalizia kwa kuwageukia wenyeji, maana vijana hawa wanasikiliza redio wakiwa njiani, ninyi mnaisikiliza mkiwa mmekaa. Mwalimu mkuu, mganga mfawidhi, mtendaji wa kijiji: ukipata taarifa kwamba unaletewa mtumishi, usihesabu mmoja. Kabla hajafika, nenda mwenyewe ukaangalie choo kama kina mlango na bati kama halivuji. Siku akiripoti, baada ya kusoma barua yake, muulize amekuja na nani, na umpe mwenzake mtu wa kumtembeza hadi kilulani, zahanati na sokoni. Mwenyekiti wa kitongoji akileta daftari la wakazi, majina yaandikwe yote matatu siku hiyo hiyo, la mtoto likiwemo.